Kabla ya kumpa kibali bondia wa uzito wa juu, mwulizeni aliye naye nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Jumatatu iliyopita, kwenye kurasa za michezo, mlitoa picha ya kijana wa hapa Dar es Salaam, bondia wa uzito wa juu, amelala chali ulingoni huko Ulaya na refa amemwinamia. Chini ya picha mkaandika kwamba alikwenda kuwa gunia la mazoezi. Bukta aliyovaa kwenye picha ile, ya bluu yenye mistari ya njano ubavuni, niliishona mimi. Kiuno chake ni inchi 42. Nilimpima kwa futi yangu kibarazani, hapa Manzese, akiwa amenyoosha mikono kama mtoto anayevalishwa shati.

Siandiki kugombana na mwandishi wenu. Picha haikudanganya, kijana alipigwa. Ninaandika kwa sababu mume wangu naye alikuwa bondia wa uzito wa juu, miaka kumi ya ngumi za kulipwa, na neno hilo la gunia aliitwa na yeye. Jina langu nimeliacha ofisini kwenu, naomba lisitoke. Mume wangu nitamwita Baba Zuhura, ingawa mtoto wetu haitwi hivyo.

Wapenzi wa ngumi hapa kwetu wanawajua zaidi mabondia wa uzito wa chini na wa kati, na ni haki yao, maana sifa ya nchi hii ulingoni wameileta hao. Titus Simba alirudi na medali ya fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970 akiwa uzito wa kati. Michael Yombayomba alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur mwaka 1998 akiwa uzito wa bantamu, kilo 54. Kina Rashid Matumla na Francis Cheka, ambao watu walisukumana milangoni kuwaona, hawakuwa watu wa kilo mia. Uzito wa juu ni dunia nyingine. Kwenye ngumi za kulipwa unaanzia pale pauni 200 zinapopita, yaani kilo 90 na ushee, na juu yake hakuna mwisho. Bondia wa kilo 70 anajua atakutana na mtu wa kilo 70. Wa uzito wa juu mwenye kilo 95 anaweza kuwekewa mtu wa kilo 120, na ikawa halali kabisa.

Baba Zuhura nilimkuta anashusha ndizi soko la Mabibo. Ni mtu wa futi sita na inchi tatu, na wakati ule alikuwa na kilo 106 bila kitambi. Mwalimu mmoja wa ngumi alimwona amebeba mikungu miwili, mmoja kila bega, akamwambia mwili kama ule kuuachia ndizi peke yake ni dhambi. Ndivyo alivyoingia. Alikuwa na miaka 24. Muhammad Ali alianza ngumi akiwa na miaka 12, na kwenye umri huo wa 24 alikuwa ameshakaa na ubingwa wa dunia miaka miwili. Nasema hivi ili muone mume wangu alianzia wapi.

Shida ya kwanza ya bondia wa uzito wa juu mjini hapa ni mtu wa kufanya naye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana wawili. Hayupo. Kambi yao ilikuwa na vijana kama ishirini, wembamba, wepesi kama panzi. Kocha akawa anamwekea wawili kwa zamu, huyu raundi moja na yule raundi moja, wasichoke. Na kila siku anamwonya, "Usiwapige kwa nguvu, utaniulia watoto wa watu." Kwa hiyo miaka yote ile mume wangu alijifunza kupiga huku amejizuia, na hakujifunza kabisa kupigwa na mtu wa kilo zake. Hilo alikwenda kulijulia Ujerumani. Aliporudi aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mama Zuhura, ngumi ya kwanza ya yule mtu haikuniuma. Niliona kama taa imezimwa, halafu ikawashwa."

Kumlisha mtu wa mwili ule ni kazi ya peke yake. Mayai sita asubuhi, nusu kilo ya unga mchana, maharage, dagaa wa Kigoma, nyama siku ikipatikana. Viatu vyake ni saizi 47, tulizunguka soko la Karume Jumapili tatu ndipo tukapata pea moja ya mtumba. Bandeji za mikono, ambazo zina karibu mita nne na nusu kila mkono, nilizifua kwenye beseni nikazianika kwenye kamba, na majirani wapya walikuwa wakinipa pole wakidhani nauguza. Bukta ya kiuno chake dukani haikuwepo. Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Uhuru, nikanunua satini yadi mbili na lastiki pana, nikaikata kwa kukisia. Mabondia wenzake wakaipenda. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha mpaka leo.

Miaka minne ya mwanzo ya ngumi za kulipwa alipanda ulingoni mara kumi, akashinda tisa. Naomba niseme ukweli wa ushindi ule, kwa sababu ndio uliomuuza. Mmoja aliyempiga alikuwa baunsa wa baa ambaye raundi ya pili hakuwa na pumzi. Mwingine alishuka kwenye basi la mkoani asubuhi ya siku ya pambano, hajala. Mwingine alikuwa na umri wa kuwa mjomba wake. Mapambano mengine yalitangazwa, mabango yakabandikwa mpaka Tip Top na Darajani, halafu yakafutwa kwa sababu mpinzani hakupatikana. Lakini karatasi haisemi hayo. Karatasi inasema ameshinda tisa, amepoteza moja.

Na biashara yenyewe iko hivi, Mhariri, kwa wasioijua. Huko nje kuna kijana wa kwao anayejengewa jina. Promota wake anataka afikishe ushindi kumi na tano hajapoteza, ndipo televisheni imtake na mkanda wa ubingwa umkaribie. Ushindi huo lazima utoke kwa mtu. Mtu mwenyewe asiwe wa hatari, ila kwenye karatasi aonekane bondia. Wanatafuta Afrika, wanakuta jina lenye ushindi tisa. Jumanne simu kwa wakala hapa Dar, Alhamisi ndege, Ijumaa kupima uzito, Jumamosi ulingoni. Kambi ya wiki nane hakuna. Safari moja Baba Zuhura alipigiwa simu akiwa juu ya lori, utomvu wa ndizi mikononi.

Mara ya kwanza aliahidiwa dola 2,500. Likakatwa fungu la wakala, fungu la kocha, pesa ya kibali, hoteli ya siku moja ya ziada na mengine ambayo sikuyaelewa. Alifika nyumbani na dola 1,100. Kwetu zilikuwa pesa nyingi. Tulilipa kodi ya mwaka mzima na nikanunua mashine ya oveloki. Naliandika hili wazi ili ijulikane kwamba pesa ile na mimi niliila.

Katika miaka sita alikwenda nje mara kumi na moja. Alitoka sare moja. Kumi alipoteza, nane kwa kuangushwa. Mara mbili mtu aliyesimama kwenye kona yake, wa kumhudumia kati ya raundi, alikuwa mgeni kwake, amepewa hukohuko, hawaelewani hata lugha. Anamwonyesha kwa vidole, inua mikono, inua mikono.

Sasa nieleze habari ya sindano.

Macho yangu kwa karibu hayaoni vizuri tangu nikiwa msichana. Tulipooana, kutia uzi kwenye sindano ya mkono ikawa kazi ya Baba Zuhura. Ungemwona mtu mkubwa vile, amekaa kwenye kigoda, analowesha ncha ya uzi mdomoni, anaibana kwa vidole, anaipitisha mara moja. Hakuwa anakosea. Wateja walikuwa wakiacha mazungumzo yao wakimwangalia. Mwaka 2011, aliporudi kutoka safari ya sita, jioni nilimpa sindano kama kawaida. Uzi ukapita pembeni. Akalowesha tena, ukapita pembeni. Mara ya tano akasema taa ni hafifu. Nikasogeza taa. Akajaribu tena, halafu akaiweka sindano mezani polepole, akatoka, akakaa kibarazani mpaka usiku. Sikumwambia mtu. Tangu siku ile nikawa namwomba mtoto anitilie uzi, na Baba Zuhura hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Wiki tano baadaye alipata kibali cha kusafiri tena. Alipimwa, sisemi hakupimwa. Presha, moyo, tochi machoni, simama kwa mguu mmoja, taja jina lako na tarehe ya leo. Tarehe nilimkumbusha mimi, mlangoni, asubuhi hiyohiyo anatoka, kwa sababu nilijua wataiuliza.

Mwaka uliofuata kichwa kikawa kinamuuma usiku mpaka anapiga ukuta. Nikampeleka hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana sana, ana haya ya kunitazama usoni. Alimpiga picha ya kichwa, akaniita pembeni akanipa karatasi. Akasema, "Mama, huyu asipigane tena." Hakusema labda, wala hakusema apumzike kwanza. Karatasi ile niliikunja mara nne nikaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na vifungo. Zuhura alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Kulikuwa na pambano limeshaahidiwa, dola 3,000. Akaenda. Baada ya hilo akaenda tena mara tatu, la mwisho mwaka 2014, akiwa na miaka 37.

Binti yetu sasa anasomea uuguzi. Jioni huwa ananisomea kwenye simu mambo ya mabondia, kwa kuwa anajua nayapenda. Siku moja alinisomea habari za Ferdie Pacheco, daktari aliyekaa kwenye kona ya Ali miaka mingi. Mwezi Septemba 1977 Ali alipigana raundi kumi na tano na Earnie Shavers, mtu mwenye ngumi nzito sana. Alishinda, lakini majibu ya maabara yakaonyesha figo zake zimeanza kuharibika. Pacheco akampelekea majibu hayo Ali mwenyewe na watu wake wa karibu, mke wake akiwemo. Hakujibiwa na mtu. Akajiondoa kwenye kona. Binti alipofika hapo nilimwambia aache kusoma. Alidhani nimechoka. Habari ya droo hakuwa anaijua. Ataijua kwenye gazeti hili, na nimeshajiandaa kwa maswali yake.

Ali naye hakuacha. Oktoba 2, 1980, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni Las Vegas na Larry Holmes, kijana ambaye zamani alikuwa mtu wake wa sparingi. Raundi kumi alipigwa akiwa hana cha kujibu, mpaka mwalimu wake, Angelo Dundee, akamkataza kuinuka kwenye kiti. Na hata baada ya hapo, Desemba 1981, wakampandisha tena Bahamas na Trevor Berbick, akapoteza kwa pointi. Mwaka 1984 ikajulikana ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mwili.

Mwaka huohuo wa Holmes, mwezi Februari, Ali alikuwa hapa Dar es Salaam. Rais Carter wa Marekani alimtuma atushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na timu yetu ikaenda, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa mchukuzi uwanja wa ndege, akamwona kwa macho yake. Habari za Carter hakuzijali. Alichosimulia mpaka anaingia kaburini ni mabega, na jinsi mtu yule alivyotembea polepole kama mwenye wakati wote duniani. Mume wangu alikulia ndani ya hadithi hiyo, alikuwa akiisimulia hata kwa wateja wangu.

Jumamosi ya Juni 4, 2016, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, nilikuwa nashona kanzu za watoto, redio iko wazi. Wakatangaza kwamba Ali amefariki Marekani, akiwa na miaka 74. Baba Zuhura akaniuliza, "Amekufa nani?" Nikamwambia. Akasema innalillahi, akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nikaendelea na mshono wa bega, sijaumaliza, akaniuliza, "Redio wanasema amekufa nani?" Nikamwambia tena. Mpaka adhuhuri aliniuliza mara nne, na kila mara ilikuwa habari mpya kwake, na kila mara alilia upya. Ile ya nne nilizima redio.

Binti amenieleza namna inavyokuwa. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji. Ngumi nzito ikiingia kwenye taya, fuvu linageuka ghafla na ubongo unachelewa kulifuata, nyuzi nyembamba za ndani zinavutika, nyingine zinakatika. Siku hiyo unaweza usione kitu. Mtu anaamka, anaoga, anakula. Madhara yanakuja miaka baadaye, na hayatokani na zile ngumi za kuangusha peke yake, zimo na zile za kawaida zilizoingia kila raundi, kila siku ya mazoezi. Daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliyaandika haya mwaka 1928. Yaani kabla hata baba mkwe wangu hajazaliwa, ilishajulikana.

Nikiyasema haya kwa watu wa ngumi wananijibu kwa majina mawili. La kwanza ni George Foreman. Wananiambia Foreman alichukua ubingwa wa dunia kwa Michael Moorer Novemba 1994 akiwa na miaka 45, kwa nini wewe unamstaafisha mtu wa miaka 37? Ni kweli alichukua. Lakini Foreman aliacha ngumi mwaka 1977 na akarudi 1987. Miaka kumi alikuwa anahubiri kanisani, hakuna aliyemgusa kichwa. Mume wangu alipumzishwa wiki tano.

Jina la pili ni Hassan Mwakinyo. Septemba 2018 alikwenda Birmingham, Waingereza hawamjui, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili. Kwa hiyo mgeni anaweza kushinda, wanasema. Anaweza, na usiku ule Manzese nzima ilipiga kelele, mimi nikiwemo. Ila Mwakinyo ni wa kilo 70 kasoro kidogo. Vijana wa kilo 70 wamejaa kwenye kambi zetu, amekua akipigana na watu wa saizi yake tangu utotoni. Kijana mliyemwita gunia amekulia kwenye kambi ileile ya mume wangu ya watu wepesi, akiambiwa asipige kwa nguvu.

Jambo la pesa sitalikwepa. Joe Louis alikuwa bingwa wa uzito wa juu kuanzia 1937 hadi 1949, akautetea ubingwa wake mara 25. Malipo ya mapambano mawili aliyatoa kwa mifuko ya jeshi wakati wa vita. Mwisho wake serikali ya kwao ikamdai kodi isiyolipika, akarudi ulingoni mzee, na Oktoba 1951 Rocky Marciano akamtupa nje ya kamba. Kama mtu mkubwa kiasi kile alirudi kwa sababu ya deni, mshusha ndizi wa Mabibo atakataaje dola 3,000? Ndiyo maana nasema bondia asiachiwe kusema basi. Hatasema.

Nani aseme? Manila, Oktoba 1, 1975, Ali na Joe Frazier walikuwa wamebakiza raundi moja. Macho ya Frazier yamevimba, haoni ngumi zinakotoka. Mwalimu wake, Eddie Futch, akamwambia basi. Frazier alitaka kuinuka. Futch akakataa, zikiwa zimebaki dakika tatu tu na ubingwa wa dunia uko mbele yao. Wapo wanaobishana mpaka leo kwamba Ali naye alikuwa hoi na huenda asingeinuka. Mimi sibishani. Najua tu kwamba Futch alimwangalia mtu wake badala ya kuangalia saa.

Bondia wetu akiwa nje hana Futch. Kwa hiyo basi hiyo isemwe hapahapa Dar, kabla hajapanda ndege. Ninawaomba wanaotia saini vibali, wakati wa kumpima bondia wa uzito wa juu anayekwenda nje, wamwite na mtu anayelala naye nyumba moja. Mke, mama, dada, yeyote. Aingie peke yake, bondia akae nje. Wasimwulize kama anakubali aende. Mwaka 2011 mngeniuliza hivyo ningesema aende, kodi ilikuwa imekaribia. Waniulize analalaje. Anasahau nini. Anagomba na watoto kwa jambo ambalo zamani alilicheka? Kuna kazi ya mikono alikuwa akiifanya na sasa ameiacha? Hapo ningewaambia habari ya sindano, nafikiri ningeisema, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza na ilikuwa imenikaa kooni. Halafu uamuzi ufanywe na daktari, usiwe wangu wala wa wakala.

Picha ya kichwa nayo. Uingereza bondia wa kulipwa hupigwa picha ya ubongo kila mwaka, bila hiyo leseni haipo. Najua ni ghali kwetu. Lakini anayemwita bondia wetu analipa ndege, hoteli, ukumbi na televisheni, gharama ya picha iandikwe kwenye mkataba na ailipe yeye, asipotaka aende kutafuta mtu kwingine. Na bondia akiangushwa, kitabu chake cha ngumi kizuiliwe mpaka siku zake za mapumziko ziishe na daktari mwingine, si yuleyule, amwone.

Kwenu gazetini ombi langu ni dogo. Mkiandika bondia amepigwa, andikeni aliitwa siku ngapi kabla ya pambano, na mara ya mwisho aliangushwa lini. Hesabu hizo mbili wasomaji wakizipata watajua wenyewe nani wa kulaumiwa.

Baba Zuhura yupo. Anakula vizuri, anaswali, anakaa kibarazani kwenye kiti nilichomtengenezea kwa fundi seremala kwa sababu vya plastiki vinakatika. Wapita njia wanamsalimia, "Shikamoo bingwa," naye anaitikia kila salamu.

Jumatano hii yule kijana wenu wa kwenye picha alikuja kwangu. Jicho la kushoto bado lina wekundu. Anataka bukta mpya, nyekundu safari hii, ana pambano baada ya wiki tano, nchi nyingine. Alimsalimia Baba Zuhura kwa adabu, akamshika mkono muda mrefu. Nilimpima upya, kiuno kimepungua inchi moja. Nikampa sindano, nikamwambia, "Mwanangu, nisaidie kutia uzi, macho yangu mabovu." Mwezi wa tatu, nilipomshonea ile ya bluu, nilimpa pia, akautia mara moja tu, akacheka. Jumatano aliutia mara ya tatu. Nilimtazama mkono, nikamwuliza mama yake anaishi wapi. Akasema Mbagala.

Satini nyekundu nimeshaikata, iko mezani. Satini ukishaipiga sindano, hata ukifumua tundu linabaki, kwa hiyo sijaigusa. Amesema atapita Ijumaa. Kesho nakwenda Mbagala.

Mke wa bondia,
Manzese, Dar es Salaam